Kochi la Mjomba

Mjomba wangu ni hodari wa kupiga simu redioni. Kila wiki kipindi cha malalamiko ya wananchi kikianza, yeye tayari yuko hewani, na mtangazaji amemzoea mpaka kampa jina la Mzee wa Hesabu, kwa sababu alistaafu akiwa mhasibu wa idara ya maji na hajaacha kuwakumbusha watu. Wimbo wake ulikuwa mmoja. Serikali inafuga wavivu. Watu wanalipwa kwa kukaa. "Mtu mzima, mikono miwili, miguu miwili," alikuwa anasema, "analetewa hela mpaka mlangoni, halafu tunashangaa kodi inapanda!" Mimi wakati huo niko karakana ya kushona sare za shule, cherehani zinanguruma, redio iko dirishani, na wenzangu wananigeukia huku wanacheka. Haya, mjomba wako huyo, kashaanza.

Nilikuwa nacheka kwa nje, ndani nachemka. Mmoja wa hao waliokuwa wanalipwa kwa kukaa alikuwa mama yangu, na mama yangu ni dada yake Mjomba wa tumbo moja.

Mniwie radhi nikipandisha sauti. Mimi nina hasira za karibu, Mama mwenyewe husema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Lakini nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu.

Nina kaka yangu mkubwa, tunamwita Bosi. Ana ndevu, ana kifua cha mpagazi, na akili yake ilibaki kwenye umri wa mtoto anayejifunza kufunga vifungo. Maneno yake ni machache na yote ameyachagua mwenyewe. Jina la Bosi alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake, maana kaka yangu ana kazi, tena hajawahi kuchelewa. Kazi yake ni kurudisha vitu.

Sisi tunakaa kwenye nyumba za kupanga, vyumba vimejipanga mstari pande mbili, uani kuna bomba moja na kamba za nguo. Mahali pa namna hiyo watu wanaishi kwa kuazimana. Pasi ya huyu iko kwa yule, ngazi ya yule iko kwa huyu, beseni hata mwenyewe kasahau kama analo. Basi Bosi hawezi kuvumilia kuona kitu cha watu kimelala ugenini. Hakufundishwa na mtu. Anakiangalia, anakizunguka, anashika kifua, mwishowe anakibeba. "Kina kwao," anasema, na anakipeleka kwa mwenyewe. Hajakosea nyumba hata siku moja. Ndiyo maana ukienda kuazima kitu kwetu pale, mtu anakupa bila maswali: chukua tu, Bosi atakileta.

Ila akibeba kitu, haoni kingine. Macho yake yako kwenye kile alichoshika. Haoni shimo, haoni jiko la mkaa, haoni gari. Kwa hiyo Mama humfuata nyuma. Akienda chumba cha tatu kupeleka kinu, Mama yuko nyuma. Wakiwa ndani, Mama anamfuata kwa masikio. Anaosha vyombo huku anamsikiliza, anaongea na wewe huku anamsikiliza, ndiyo maana mama yangu hamalizi sentensi. Ukimzoea unajua tu kumalizia mwenyewe.

Zamani Mama alikuwa anafanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na Bosi akawekwa kwenye kituo cha kulelea watu kama yeye, mji mwingine kabisa. Sitaki kuwasema vibaya waliomlea, walikuwa wachache na waliolelewa ni wengi. Lakini aliporudi likizo alikuwa amekonda, na hakurudisha kitu. Bakuli la jirani lilikaa mezani kwetu, akaliangalia, akageukia ukuta. Mama alilia siku ile mpaka nikaogopa. Halafu serikali ikaleta posho ya ulezi, hela kidogo ya kila mwezi kwa anayebaki nyumbani kumtunza ndugu asiyeweza kujitunza. Mama akaacha mashuka, akaenda kumchukua mwanawe. Haikuchukua muda mrefu, jirani mmoja akagongewa mlango asubuhi na mapema, kafungua, anamkuta Bosi na bakuli.

Sasa mwaka jana ndipo wakatangaza uhakiki. Matumizi yamezidi, wakasema, kuna wanufaika hewa, watu wanapokea na hawastahili. Maafisa watapita nyumba kwa nyumba. Anayejiweza anaondolewa. Sisi tulijua maana yake: Mama akiondolewa, anarudi kwenye mashuka, na Bosi anarudi kituoni. Hakuna njia ya katikati. Mshahara wangu wa kushona sare unalipa chumba na chakula, basi.

Mjomba alishangilia hewani. Safi sana, wawapitie mmoja mmoja! Siku ya mapumziko akaja kwetu kunywa chai kama kawaida yake, nami nikamsubiri mlangoni.

"Mjomba, hao unaotaka wapitiwe ni akina nani?"

"Ah, binti yangu, si nyinyi. Nyinyi nawajua."

"Sasa ni nani? Wana majina?"

"Hao wengine." Akakaa, akavua kofia. "Wewe hujui. Mimi nimeishi na vitabu vya mahesabu. Nimeona marehemu wakilipwa mishahara, wamelala kaburini na wanapandishwa vyeo! Ukilifungua bomba la hela, kulifunga ni kazi."

"Na pensheni yako je, inatoka bomba gani?"

"Ala! Pensheni nimeitolea jasho."

"Na Mama hatoki jasho?"

"Mama yako anamlea mwanawe, nyumbani kwake. Tangu lini mzazi akalipwa kumlea mtoto wake? Marehemu mama yetu alitulea sote, alilipwa na nani?"

Nilitaka kumjibu jibu ambalo lingetugombanisha mpaka leo, lakini Mama akaingilia. "Kaka, chai yako ina... Bosi! Hiyo ni moto, baba, weka chini." Na ugomvi ukaishia hapo, kwa sababu kwa Mama ugomvi huwa haupati nafasi.

Siku ya afisa kuja niliomba ruhusa kazini. Nilikwenda kwanza kumalizia kola za oda ya haraka, nikarudi mbio asubuhi hiyohiyo. Nafungua mlango, lo! Nikadhani nimeingia nyumba ya watu. Nikarudi nje kuangalia namba.

Sebule yetu, ambayo ina meza, benchi moja na ndoo ya kugeuza kiti, ilikuwa na kochi la ngozi la watu watatu. Ukutani televisheni. Chini zulia jekundu limetandazwa mpaka mlangoni. Pazia la maua, lenye mikunjo. Juu ya meza vikombe vya udongo mweupe vyenye mstari wa dhahabu, na chupa ya chai ndefu inayong'aa. Mama kasimama katikati, kitambaa kipya kichwani, anafuta vumbi lisilokuwepo.

"Mama! Hivi ni vitu gani?"

"Kochi na televisheni ni vya mjomba wako, kavileta na mkokoteni. Hata chupa ya chai yake. Zulia la mama wa chumba cha mwisho. Pazia..."

"Mama, huyo mtu anakuja kuona kama tuna shida!"

"Anakuja nyumbani kwangu," akasema. "Ni mgeni. Nimkalishe kwenye ndoo?"

Nikashika kichwa. Jamani, watu wanaficha mali afisa akija, sisi tumeazima! Na ubaya wa mambo, nilimwelewa. Mama yangu ni mtu ambaye hata fundi wa bomba akija anambadilishia kikombe. Mjomba naye, pamoja na kelele zake zote, alikuwa ameshindwa kulala kwa kufikiria dada yake ataonekanaje mbele ya mgeni. Alikuwa amesimama pale pembeni kavaa koti, kifua mbele.

"Watajua kwamba wewe unatoka kwenye ukoo wa watu," akamwambia Mama.

"Mjomba, watatuondolea posho!"

"Watu wa heshima hawaondolewi kitu kwa kuonekana wa heshima."

Nikashika kochi upande mmoja nilivute nje, peke yangu, kwa hasira. Halikusogea. Na hapohapo tukasikia hodi.

Afisa alikuwa mwanamke mwenye umri kama wangu, mkoba begani, viatu vimechoka kwa kutembea. Akaingia, akasalimia, "Shikamoo mama, shikamoo mzee," akakaribishwa kwenye kochi. Akakaa, likamzamisha. Akaangalia televisheni. Akaangalia pazia. Akafungua karatasi zake na kuanza kuandika, nami nikahisi kila mstari unapita shingoni kwangu.

Sasa Bosi. Tangu vitu vianze kuingia asubuhi alikuwa hana raha, kashika kifua, anazunguka sebule. Kwake yeye ile haikuwa sebule iliyopambwa. Ilikuwa chumba kimejaa vitu vya watu vilivyopotea njia. Alivumilia mpaka mgeni alipotia sukari. Kisha akapiga magoti mbele ya afisa na kuanza kukunja zulia.

"Inua mguu," akamwambia.

"Bosi, baba, ngoja kwanza," Mama akasema, uso umemwiva.

"Kina kwao."

Afisa akainua mguu mmoja, akainua na wa pili. Bosi akalikunja zulia lote, akalitia begani na kutoka, Mama akaacha kikombe mkononi mwangu na kumfuata nyuma. Walivyorudi, Mama anahema, Bosi moja kwa moja akaenda dirishani kufungua pazia.

"Zulia ni la nani?" afisa akauliza.

Sikuwa na la kuficha tena. "La jirani. Na hilo pazia la jirani. Na vikombe. Kochi unalokalia ni la mjomba wangu huyu. Cha kwetu hapa ni meza, na benchi liko nyuma ya mlango wa choo, limefichwa."

Mama aliinamisha uso. Nilimwonea huruma.

Afisa akatuangalia mmoja mmoja, kisha akacheka, cheko la mtu aliyechoka. "Mama yangu, huko ninakopita watu wanaingiza friji chini ya kitanda nikipiga hodi. Wewe ndiye wa kwanza kuniongezea."

Hapo nilidhani tumevuka. Kumbe bado. Afisa alimwangalia Bosi, ambaye alikuwa ameshusha fimbo ya pazia kwa mkono mmoja. "Ana nguvu huyu."

"Nguvu?" Mjomba akadakia, anajipiga kifua kwa niaba yake. "Huyu? Asubuhi kanishushia kochi hilo kwenye mkokoteni, ilibaki kidogo tu alibebe peke yake!"

Nilimkanyaga mguu. Akaniangalia, anashangaa kakosea wapi.

"Na ndugu mnao, wenye uwezo," afisa akaendelea. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anafanya kazi yake. "Mzee, nikuulize wewe, maana lazima niulize. Mama huyu akirudi kazini, kuna ndugu anayeweza kubaki na kijana mchana?"

Jamani. Nilimwangalia Mjomba kwa macho yangu yote. Nilimwomba kimoyomoyo, Mjomba, leo tu, punguza kidogo. Lakini mtu aliyepiga simu redioni miaka yote hiyo kusema kwamba kila familia ibebe mzigo wake, angejibu nini mbele ya mtu wa serikali?

"Mimi nipo," Mjomba akasema. "Nimestaafu, nakaa ng'ambo ya barabara hapo. Sisi si watu wa kuombaomba, bibie. Wetu tunamlea wenyewe."

Afisa akaandika. Mama alimwangalia tu kaka yake, bila hasira hata kidogo, na ile ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Basi, mzee, umwangalie kidogo. Naomba nione chumba anacholala."

"Kaka," Mama akasema, "usimtoe machoni. Akishika kitu tu..."

"Dada, ondoa shaka. Mimi si mtoto."

Tukaingia chumba cha ndani, Mama, afisa na mimi. Kuna vitanda viwili. Cha Bosi kiko ukutani. Cha Mama kimewekwa mlangoni, kimeziba, ukitaka kutoka usiku lazima umpande yeye kwanza. Afisa alikitazama kile kitanda kwa muda. Akauliza mlango unafungwa vipi, Mama akamwonyesha: haufungwi, hauna haja ya komeo. Akauliza dawa, nani anamnyoa, nani anamwogesha, mtu mzima kama yule. Mama akaeleza, polepole, anatafuta maneno, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. "Kunyoa ni kabla hajaamka vizuri, kwa sababu wembe akiuona... na nguo hapendi zenye..."

Akanyamaza. Akainua kidole.

"Nini, mama?" afisa akauliza.

"Kimya," Mama akasema, na tayari alikuwa ameshatoka.

Sebuleni Mjomba alikuwa amesimama na kikombe mkononi, anakoroga. Meza, kochi, televisheni, vyote vipo. Chupa ya chai haipo.

"Alikuwa hapa sasa hivi," Mjomba akasema. "Nimegeuka kuchukua sukari tu. Sasa hivi alikuwa hapa."

Chupa ya chai ni ya Mjomba. Na Mjomba anakaa ng'ambo ya barabara kuu.

Sijui tulitokaje uani. Namkumbuka Mama mbele, miguu mitupu, kitambaa kimedondoka, na mimi nyuma napiga kelele zisizosikika. Kichochoro kinaishia barabarani, na pale hakuna taa wala kivuko, malori yanateremka kutoka kilimani. Tulimwona. Alikuwa katikati kabisa, kaikumbatia ile chupa kifuani, anaitazama, anatembea mwendo wake wa kazini. Lori likapiga breki. Kile kilio cha matairi nakisikia mpaka leo nikiwa nashona. Likasimama karibu naye kiasi kwamba shati lake lilipepea. Yeye hakugeuka.

Nilitaka kumwita, Mama akanishika mdomo. Nilikuwa nimesahau: ukimwita, anasimama palepale alipo, na upande wa pili magari yalikuwa bado yanakuja. Mama aliingia barabarani mwenyewe. Aliyainulia magari kiganja, bila haraka, akamfikia, akapitisha mkono chini ya kiwiko chake.

"Twende wote, baba," akamwambia.

Na hakumrudisha. Mtu mwingine angemvuta nyumbani. Mama alijua kwamba bila kuifikisha ile chupa atarudi tena barabarani, leo au kesho. Akavuka naye. Dereva wa lori akatutukana sote, kisha akamwona Bosi usoni, akanyamaza, akazuia magari mpaka tulipopita, mimi, afisa na mkoba wake, na nyuma kabisa Mjomba, bado kashika kikombe.

Kwa Mjomba palikuwa wazi. Yeye ni mjane, na sebule yake bila kochi na televisheni ilibaki ukuta na alama za vumbi sakafuni. Bosi alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akaiweka chupa mahali pake, akaigeuza mpini uangalie kulia kama ilivyokuwa. Kifua kikashuka. Akatabasamu. Mama akapiga magoti, akaanza kumkagua miguu.

Mjomba alitafuta mahali pa kukaa, hakukuta. Akakaa chini sakafuni, na koti lake, pale lilipokuwa kochi. Kikombe kilimwinamia mkononi, chai ikamwagikia suruali.

"Bibie," akamwambia afisa. "Futa."

"Nifute nini, mzee?"

"Nilichosema. Kwamba mimi nipo. Futa." Akaangalia ndani ya kikombe. "Andika kwamba aliachiwa mjomba wake, akashindwa. Andika sukari haijayeyuka, alikuwa ameshashindwa."

Afisa akatoa karatasi, akaegemeza ukutani, akaandika amesimama.

"Nitaandika nilichokiona," akasema. "Uamuzi si wangu peke yangu, siwezi kuwaahidi. Lakini nimekiona." Kisha akamgeukia Mama, ambaye alikuwa anamfunga Bosi kamba ya kiatu. "Mama, tangu nimefika kwako hujakaa."

"Nitakaa, mwanangu," Mama akasema. "Ngoja nimalize hii."

Mjomba akafunika uso. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mkewe alihesabu viti. Siku ile alilia kwa sauti, na mimi niliyekuja na maneno yangu tayari kinywani ya kumkata nayo, niliyameza yote. Nikakaa chini pembeni yake na kumpokonya kikombe.

Jibu lilikuja kwa simu yangu nikiwa kazini, tumeshakata tamaa mara kadhaa. Posho inaendelea. Niliusoma ujumbe, nikamsomea jirani yangu wa cherehani, nikausoma tena, kisha nikaweka kichwa juu ya lundo la sketi za shule nikalia mpaka msimamizi akadhani nimejidunga sindano.

Redioni Mjomba bado yupo, msidhani kaokoka. Marehemu wanaolipwa mishahara bado wanamkosesha usingizi, na kwa hilo namuunga mkono. Ila wiki ile mtangazaji aliposema, "Mzee wa Hesabu, karibu, leo unatuambiaje kuhusu wanaolipwa kwa kukaa?" Mjomba akauacha wimbo wake. Halafu akasema kwamba yeye anamfahamu mmoja wao, tangu utoto, na amejaribu kukumbuka lini alimwona amekaa, na hakumbuki. Akakata simu. Pale karakana hakuna aliyecheka.

Lakini kochi sasa. Baada ya siku ile vitu vingine vyote Bosi alivirudisha, kochi likabaki kwetu, naye hakulala. Kila tukigeuka, kashaliburuta mpaka mlangoni. Kina kwao. Mjomba akaja jioni moja kusuluhisha.

"Bosi," akasema, "hili kochi kwao ni hapa."

Bosi akatikisa kichwa. Akamnyooshea Mjomba kidole: lako.

"Lilikuwa langu. Nimelitoa. Kwao ni hapa."

Hapana. Kashika upande wake, anasubiri mtu ashike wa pili. Mjomba akafikiri. Kisha akamshika Mama mabega, akamwongoza polepole na kumkalisha katikati ya kochi.

"Ni la huyu," akasema. "Umeona? La mama yako."

Bosi akaangalia kochi, akamwangalia Mama juu yake. Akamzunguka. Kisha akaliachia, akaenda mezani, akakuta bakuli la jirani, akalibeba na kutoka nalo.

Mama akashika mkono wa kochi ainuke amfuate.

"Kaa, mdogo wangu," Mjomba akasema, tayari yuko mlangoni, anavaa kofia. "Mimi niko nyuma yake."

Mama akabaki amekaa nusu, nusu kasimama, anasikiliza. Tulisikia hatua za Bosi zikivuka uani, na nyuma yake hatua nyingine, za mzee, zikijitahidi kufuata mwendo. Mama akazisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaegemea.